Kukodisha Bwawa la Kuogelea la Nyumbani katika Nyanda za Juu Kusini

Bwawa la kuogelea lililo nyuma ya nyumba hugharimu fedha hata siku ambayo hakuna aliyetia mguu majini. Pampu hula umeme, jua hupunguza klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, na majani ya mikaratusi huanguka kila upepo unapovuma. Ndiyo sababu mimi na familia yangu, hapa Gangilonga mjini Iringa, tuliamua misimu mitatu iliyopita kukodisha bwawa letu kwa saa kwa familia na vikundi vidogo. Marekani wenye mabwawa hutumia programu ya simu iitwayo Swimply, iliyoanza mwaka 2018, ambako mteja huchagua bwawa la mtu binafsi na kulilipia kwa saa. Huku kwetu mambo hupita kwenye simu, kwa majirani na kwenye makundi ya WhatsApp, lakini wajibu wa mwenye bwawa ni uleule.

Kabla ya kuzungumzia fedha, ninaomba kila anayefikiria kazi hii akubali jambo moja: wageni wake wengi hawatajua kuogelea. Watu wa Kyela na wa mwambao wa Ziwa Nyasa hukua na maji. Sisi wengine wa milimani tumekua tukioga kwa ndoo, na mito yetu ni ya baridi na mawe. Kina cha maji unachoruhusu, idadi ya watu unaowapokea, mtu unayemwajiri na bei unayotoza, vyote vianzie hapo.

Kinachomleta mgeni kwako

Hoteli kadhaa zina mabwawa, na kiingilio chake huenda kikawa nafuu kuliko chako. Mgeni anakuja kwako kwa sababu ya faragha. Yuko mama anayetaka mabinti zake wajifunze maji bila kutazamwa, wako wanawake wa Kiislamu wanaotaka kuogelea wakiwa wamejisitiri, iko kwaya inayomaliza mwaka, na iko familia inayosherehekea mtoto kutimiza miaka saba. Kwa hiyo pokea kundi moja tu kwa wakati mmoja, hata kama kundi la pili limefika na fedha mkononi. Mbwa wafungwe, vijana wa nyumbani wasipitepite, na kama una kamera za ulinzi, zielekezwe getini na ukutani, kamwe zisielekezwe bwawani wala kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Chumba hicho kiwe na komeo la ndani, ndoano za kutundikia nguo na choo safi karibu. Wanawake wakikodi faragha kamili, msimamizi wa bwawa naye awe mwanamke. Kama huna msimamizi mwanamke, usiwape ahadi hiyo.

Ofisi na majirani

Nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha makazi ikianza kupokea watu wa kulipa, imeingia katika biashara. Nenda halmashauri uulize kuhusu leseni na matumizi ya kiwanja, mwite afisa afya wa kata aone maji na vyoo, na uhakikishe mapato yako yanaingia kwenye namba yako ya mlipakodi ya TRA. Mweleze pia mwenyekiti wa mtaa. Majirani uwaendee wewe mwenyewe kabla ya kundi la kwanza, uwaambie siku na saa za wageni, na uwaachie namba ya simu ya kukupigia muziki ukizidi. Sisi tumepiga marufuku spika kubwa kabisa, na sijajuta.

Kuhusu bima, soma mkataba ulio nao, kwa maana bima ya nyumba ya kuishi inaweza isimhusu mtu aliyelipa kuingia. Omba kampuni ikupe maelezo ya maandishi kuhusu bima ya madhara kwa watu wengine. Karatasi ambayo mgeni anasaini kwamba anaogelea kwa hiari yake haikuondolei wajibu wa kuweka mahali salama.

Usalama wa watu

Mwaka wetu wa kwanza, mtoto wa miaka sita aliteleza kutoka ngazi ya pili ya bwawa akazama huku akina mama watano wakiwa hatua chache tu kutoka pale, wakipiga picha. Hakulia wala hakupiga maji. Kichwa kilirudi nyuma, mdomo ukawa sawasawa na uso wa maji, na mikono ikawa inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi isiyoonekana. Mke wangu alimwona akamvuta. Tangu siku hiyo hakuna kundi linaloingia bila msimamizi aliyesimama ukingoni. Mtu anayezama mara nyingi hawezi kuita, kwa sababu pumzi yote anayoipata anaitumia kupumua, na yote hayo yanaweza kwisha ndani ya dakika moja.

Msimamizi huyo asiwe yule anayechoma mishikaki wala anayepokea malipo. Simu yake ikae ndani. Kabla ya kumwajiri, mwone kwa macho yako akiogelea urefu wa bwawa mara kadhaa bila kupumzika na akileta juu kitu kizito kutoka chini kwenye kina kirefu. Mpeleke pia akajifunze huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo hayo. Ajue kwamba aliyezama na hapumui anahitaji pumzi kwanza, ndipo kifua kikandamizwe, na ajue namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya dereva wa jirani mwenye gari.

Bwawa lizungushiwe uzio pande zote nne, kimo kisipungue mita 1.2, usio na mahali pa mtoto kukanyaga, wenye geti linalofunguka kwa nje na kujifunga lenyewe. Ukuta mkubwa wa nyumba hautoshi, kwa sababu mtoto aliyezama nyumbani kwa watu mara nyingi alitoka sebuleni, hakuruka ukuta. Andika kina kwa rangi kwenye ukingo, kisha vuta kamba yenye maboya mahali ambapo maji yanafika kifuani mwa mtu mzima, na useme wazi kwamba asiyejua kuogelea haivuki. Kupiga mbizi kwa kichwa kukatazwe, kwani bwawa la nyumbani ni fupi na lina kina kidogo, na shingo huvunjika kwa kosa moja. Pembeni weka boya lenye kamba na mwanzi mrefu wa mita nne. Mianzi huku haitupigi chenga, na mwanzi humfikia anayezama bila mwokoaji kujitosa. Jaketi za kuelea za watoto ziwe za saizi zao. Mipira ya kuchezea haiokoi mtu.

Kagua pia kifuniko cha tundu la kunyonyea maji sakafuni. Kikivunjika au kulegea, bwawa lifungwe hadi kipya kiwekwe, kwa sababu mvuto wa pampu unaweza kunasa nywele au kiungo cha mtoto chini ya maji. Umeme wa pampu na taa ufungwe na fundi mwenye leseni, pamoja na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Pombe tumeikataa, na wapo wateja waliokwenda kwingine kwa sababu hiyo, waende salama.

Maji

Anza kwa kujua ujazo. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.3 lina mita za ujazo 65, yaani lita 65,000, ambazo ni uniti 65 kwenye ankara ya maji. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia kipimo cha dawa. Ili kuongeza klorini kwa miligramu 1 katika kila lita ya bwawa hilo, unahitaji takriban gramu 100 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65. Anayetupia kopo moja kwa kukisia leo ataunguza macho ya wageni, na kesho atawaogesha kwenye maji yasiyo na dawa.

Nunua kisanduku cha kupimia chenye matone au vidonge. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha ukali wa asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8, kwa kuwa pH ikipanda sana klorini hupoteza nguvu hata kama ipo ya kutosha. Pima kabla ya kundi kuingia na baada ya kutoka, uandike kwenye daftari. Dawa itiwe jioni, kwa sababu jua huivunja haraka. Mimina dawa ndani ya ndoo ya maji, usimimine maji juu ya dawa. Klorini na asidi ya kushusha pH zisikutane kamwe, hata kwenye ndoo iliyobaki na matone, maana hutoa hewa yenye sumu inayoweza kuua. Kila moja iwe na rafu yake, mahali pakavu palipofungwa.

Watu wengi hudhani harufu kali ya bwawa ni dalili ya dawa nyingi. Kwa kweli hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na tiba yake huanzia bombani: kila mgeni aoge kwa sabuni kabla ya kuingia, asiwe na mafuta mwilini, na watoto wapelekwe chooni kila saa. Aliyeharisha katika wiki mbili zilizopita asiingie, kwani wapo vijidudu vinavyohimili klorini ya kawaida kwa siku kadhaa. Mtoto akiharisha majini, toa watu wote na urudishe fedha za kundi linalofuata. Kusafisha maji hayo kunataka klorini ya miligramu 20 kwa lita kwa takriban saa 13, kisha kusubiri ishuke. Ukisimama kwenye ukingo na usiweze kuona wazi sakafu ya kina kirefu, usipokee mtu, kwa kuwa aliyezama hataonekana.

Maji unayoyatoa wakati wa kuosha chujio yasielekezwe kwenye mchicha wa jirani. Yakae siku kadhaa juani bila dawa, ndipo yatumike.

Baridi, mvua na vumbi

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa takriban mita 1,600. Juni na Julai maji ya bwawa lililo wazi huuma mifupa, na Njombe ndiyo kabisa. Usimdanganye mgeni kwa picha ya Novemba. Katika miezi hiyo sisi hupokea makundi kati ya saa sita mchana na saa tisa alasiri tu, tena siku za jua, na mtoto anayetetemeka au kuwa na midomo ya rangi ya samawati hutolewa, hufutwa na kupewa chai ya tangawizi. Joto la bwawa hupotea zaidi kwa mvuke, kwa hiyo turubai la kufunika usiku husaidia kuliko watu wanavyodhani. Bomba jeusi la plastiki lililozungushwa juu ya bati, likipitishiwa maji ya pampu mchana, huongeza joto bila umeme mwingi wa ziada. Turubai liondolewe lote kabla ya watu kuingia.

Msimu mzuri ni kuanzia Septemba, na vumbi na masizi ya mashamba yanayochomwa huja nao, pamoja na maua ya mijakaranda yanayoziba chujio. Mvua zinapoanza, mwelekeo wa maji ya uani uwe mbali na bwawa, la sivyo tope litaingia na maji kugeuka kijani. Radi ikisikika, wote watoke, wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Andika sharti hilo kwenye makubaliano, ili mgeni asidai umemnyima saa yake.

Bei na makubaliano

Usiige bei ya mwenzako. Pampu inayotumia kilowati 1 kwa saa 8 hula uniti 8 kwa siku, yaani 240 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa LUKU, ongeza dawa, maji, mshahara wa msimamizi na akiba ya matengenezo. Tuseme jumla ni shilingi 480,000 na unatarajia kwa uhalisia makundi 8 kwa mwezi: kila kundi linakugharimu 60,000 kabla hujapata faida hata ya senti. Wengi husahau mshahara wa msimamizi kwa sababu ni mtoto wa shangazi, kisha hushangaa anapoacha kazi Desemba.

Toza kwa kundi na kwa saa, huku ukiweka idadi ya mwisho ya watu. Bwawa la ukubwa niliotaja tumeliwekea kikomo cha watu 12 majini, na mtu wa 13 hukaa barazani. Pokea nusu ya malipo kwa simu siku ya kuweka nafasi, na umtumie mteja masharti kwa maandishi: muda, idadi, mtu mzima anayewajibika kwa watoto, uharibifu, na utaratibu wa kurudisha fedha umeme au mvua vikizuia. Vyombo vya glasi visivuke geti. Picha za wageni usiziweke kwenye status yako bila ruhusa yao. Piga picha bwawa likiwa tupu.

Kundi likiondoka, msimamizi huhesabu watu getini na kulinganisha na idadi iliyoingia, huzunguka bwawa mara moja akitazama sakafu, kisha hufunga geti kwa kufuli. Hapo ndipo daftari hufunguliwa, maji hupimwa, na klorini ya usiku hutiwa.