Umetapeliwa mtandaoni Nairobi? Usifute kitu, anza hivi
Mtu akishaliwa pesa mtandaoni, hasira humfanya ablock yule mkora na kufuta chat yote, na kesi inafia hapo hapo. Tafadhali usifute. Kama pesa imetoka sasa hivi kwa M-Pesa, forwadi meseji yote ya muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, halafu urudi tuendelee.

Simu yenyewe ndio ushahidi. Skrinshoti piga, zinasaidia, lakini skrinshoti ni picha tu na wakili wa mshtakiwa atasema umeikata ukaiunga, kwa hivyo usiriseti simu, usitoe WhatsApp, na usiipeleke kwa mafundi wa simu wa Luthuli Avenue kuflashiwa hata kama imeanza kusumbua. Zima ile setingi ya meseji zinazojifuta. Kopi pia link ya akaunti ya mkora, maana jina na picha atabadilisha kesho asubuhi.

Barua pepe usiiforwadi, kwa sababu ukiforwadi zile taarifa za juu zinazoonyesha imepitia seva gani zinapotea. Ifungue kwa kompyuta, bonyeza doti tatu, daunlodi faili yenyewe. Kama ulilipa kwa kripto, kopi anwani ya waleti na namba ya muamala, usiandike kwa mkono, herufi moja ikikosewa hakuna kitu kitapatikana.

Sasa saa, hapa ndio watu wengi huharibu. Usiandike "saa tatu usiku", andika 21:14:36, saa za Nairobi, na tarehe. Rekodi za kampuni za nje mara nyingi huwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko mbele saa 3, na tena anwani moja ya IP (namba inayoonyesha umeingia mtandaoni kupitia wapi) ya mtandao wa simu inaweza kuwa inatumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kwa hivyo ukikosea dakika chache tu mpelelezi anaweza kuangukia mtu asiye na hatia kabisa. Mimi hilo ndilo linaniuma zaidi.

Ukishapanga hayo nenda kituo cha polisi, uandikishe na upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na uulize kesi itafikaje kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road, kwenye maabara yao. Sheria ya makosa ya kompyuta iko tangu 2018. Uliza pia kuhusu cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani, maana bila hicho korti inaweza kukataa skrinshoti zako zote.

Kama akaunti iko kwa kampuni ya Marekani, kupata yaliyomo kwa akaunti hiyo ni ombi rasmi kupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu, chini ya sheria ya 2011 ya kusaidiana kisheria, na hiyo huchukua miezi. Kwa hivyo siku ya kwanza tu mwombe mpelelezi aitumie kampuni hiyo ombi la kuhifadhi data isifutwe, kule Marekani sheria yao inataka data ihifadhiwe siku 90 na zinaweza kuongezwa. Na usidhani mkora akiwa nchi nyingine basi imeisha, 2024 operesheni ya Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, iliyoitwa Serengeti ilishika zaidi ya watu 1,000 kwa nchi 19 za Afrika, Kenya ikiwemo.

Akikupigia mtu anayejiita haka (hacker, mtaalamu wa kudukua), anasema atakurudishia pesa ukimtumia kidogo kwanza, usitume hata shilingi. Hifadhi namba yake, andika saa aliyopiga, mpelekee mpelelezi pamoja na namba yako ya OB.