Kompyuta ya Mezani Inaganda Ovyo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuifungua

Kompyuta isiyowaka kabisa ni rahisi kuitibu kuliko inayoganda mara moja kila baada ya siku mbili. Isiyowaka hukupa jibu papo hapo kila unapobadilisha kitu. Inayoganda ovyo hukuacha ukiamini umeipatia, kisha inakwama tena wiki inayofuata. Ndiyo maana watu hununua RAM (hifadhi ya muda) mpya, kisha pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha), kisha kadi ya michoro, na tatizo liko palepale. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla bisibisi haijagusa kasha.

La kwanza ni mafaili yako. Diski inayokufa ni miongoni mwa sababu za kawaida za kuganda, na vipimo vyenyewe huitesa diski. Amri kama chkdsk /r husoma kila sehemu ya diski, na diski iliyo ukingoni inaweza kuzimika katikati ya zoezi hilo. Kwa hiyo nakili kwanza, pima baadaye. Nakala iende kwenye diski ya nje, si kwenye partisheni (sehemu iliyotengwa) nyingine ya diski ileile, na uanze na visivyoweza kupatikana tena: picha, nyaraka, kazi zako. Programu zinaweza kupakuliwa upya. Ikiwa mashine inaganda wakati wa kunakili, andika ni folda gani ilikuwa inanakiliwa. Kuganda kila mara kwenye mafaili yaleyale ni dalili nzito dhidi ya diski. Diski ya kuzunguka ikianza kugongagonga, izime na usiipime tena.

Pamoja na hilo, hakikisha unao ufunguo wa kufungulia diski iliyosimbwa, yaani ambayo data yake imefichwa kwa msimbo. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 husimba diski bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha mipangilio ya baiosi (programu ya msingi inayoiwasha mashine) au mazabodi (bodi kuu) yenyewe, mfumo unaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, kisimbaji cha Windows, wenye tarakimu 48. Uandike pembeni sasa, ungali unaweza kuingia.

Baada ya hapo, jifunze mashine yako inagandaje, kwa sababu neno hilo moja hubeba maradhi tofauti. Itakapokwama tena usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock mara kadhaa utazame taa yake. Taa ikiwaka na kuzima, kiini cha mfumo kingali hai na kilichokwama ni programu, diski au picha ya kioo. Taa isipoitika, mshale wa kipanya umekufa na spika zinarudiarudia kipande kimoja cha sauti, basi mashine nzima imesimama, na hapo shaka huelekea kwenye RAM, umeme, prosesa, mazabodi au draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyokwama ndani kabisa ya mfumo. Kwenye Windows jaribu pia Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Vitufe hivyo huanzisha upya draiva ya michoro, na kioo kikirudi hai umeshampata mshukiwa. Ukiwa na kompyuta ya pili kwenye mtandao uleule, itumie kuipigia ping (amri inayouliza kama mashine inajibu mtandaoni) ile iliyoganda: ikijibu huku kioo kikiwa kimekufa, huenda tatizo liko upande wa michoro.

Kisha subiri dakika kumi. Subira hiyo ina faida yake. Diski yenye kasoro mara nyingi huganda kwa dakika moja au tano, mfumo unaporudia kuomba data isiyosomeka, halafu kila kitu huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. RAM mbovu na umeme mbaya huwa haviachilii namna hiyo.

Kila tukio liandikwe: saa, programu zilizokuwa wazi, kama mashine ilikuwa imetoka kuwashwa au imepata moto, kama ilikuwa inafanya kazi nzito au imekaa tu. Daftari la karatasi linafaa kuliko faili ndani ya mashine inayoganda. Baada ya matukio matano au sita mpangilio huanza kujitokeza. Kuganda wakati wa michezo huelekeza kwenye joto, umeme au kadi ya michoro. Kuganda mashine ikiwa imetulia huelekeza kwenye usingizi wa prosesa au wa SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), na hili husahauliwa mno. Prosesa za kwanza za AMD Ryzen za mwaka 2017 zilijulikana kwa hili kwenye Linux: zilisimama zikiwa hazina kazi, na dawa kwa wengi ilikuwa kwenda kwenye baiosi, sehemu ya Power Supply Idle Control, na kuchagua Typical Current Idle. Kwa SSD, jaribu kuzima Link State Power Management kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma kumbukumbu za mfumo, yaani orodha ya matukio ambayo Windows hujiandikia. Andika perfmon /rel kwenye kisanduku cha Run upate kalenda ya matatizo, au fungua Event Viewer uende kwenye Windows Logs, kisha System. Utakutana na Kernel-Power 41, na hapa wengi hupotea: huona neno la umeme wakanunua pawasaplai. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, na wewe mwenyewe ndiye uliyeizima kwa kitufe. Tazama kilichoandikwa dakika chache kabla yake. Tukio namba 7 kutoka kwa disk lina maana ya sehemu mbovu kwenye diski. Namba 129 ni diski isiyojibu mpaka ikalazimika kuanzishwa upya, na 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililorudiwa. Namba 4101 kutoka kwa Display ni draiva ya michoro iliyoacha kujibu ikarudishwa. Chochote chenye jina la WHEA-Logger ni malalamiko ya vifaa vyenyewe, kwa kawaida prosesa, RAM au njia ya PCI Express. Na kumbukumbu ikiwa tupu kabisa kabla ya 41, hilo nalo ni jibu: mashine ilisimama ghafla mno hata isipate nafasi ya kuandika, au diski ya kuandikia ndiyo iliyotoweka.

Hali ya diski huonekana kwa programu ya CrystalDiskInfo, au amri ya smartctl -a kwa wenye Linux. Usiridhike na neno Good. Kwenye diski za SATA (zinazounganishwa kwa waya wa data) tazama namba 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu mbovu au zisizosomeka. Kwa diski ya kuzunguka zinatakiwa kuwa sifuri, na C5 inayopanda kutoka wiki moja hadi nyingine ni ilani ya kuitoa diski kazini. C7 ni jambo jingine: inahesabu makosa ya mawasiliano, na mara nyingi kosa ni la waya wa SATA. Badilisha waya kwanza. Hesabu ya zamani haifutiki, kwa hiyo tazama kama inaendelea kupanda.

Andaa flashi mbili za GB 8 au zaidi. Moja iwe na Linux inayowaka moja kwa moja bila kusakinishwa, nyingine iwe na MemTest86, programu ya kupima RAM. Ile ya kwanza huokoa siku nyingi za kubahatisha. Washa mashine kwa flashi hiyo na uitumie kwa kazi za kawaida kwa muda mrefu kuliko ule ambao huchukua kuganda. Ikiganda na huko, acha kuhangaika na Windows, draiva na virusi. Kosa karibu hakika liko kwenye vifaa au baiosi. Isipoganda, bado hujaisafisha diski kwa tuhuma, kwa sababu huenda haikuguswa.

RAM inahitaji uvumilivu. Kabla ya kuipima, ingia baiosi uzime XMP au EXPO. Mipangilio hiyo huendesha RAM kwa kasi kubwa kuliko ya msingi, na kompyuta inaweza kuibeba kwa miezi, kisha ikaanza kuyumba. Ikiwa kuganda kunakoma baada ya kuizima, huna haja ya kununua kitu. Rudi kwenye kasi ya chini kidogo na uendelee. Kisha acha MemTest86 imalize mizunguko minne, kazi ya saa kadhaa ambayo ni vyema iende usiku. Kosa moja ni kosa. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayokubalika. Yakitokea, bakiza kipande kimoja kimoja cha RAM ukipime peke yake katika nafasi ileile. Kwenye mazabodi nyingi zenye nafasi nne, nafasi ya kutumia ni ya pili kutoka kwenye prosesa, iliyoandikwa A2. Kipande kile kile kikikosea kila mahali, kipande ni kibovu. Vyote vikikosea katika nafasi moja, mtuhumiwa ni nafasi hiyo au prosesa. Nako kupita kipimo bila kosa hakuiondolei RAM shaka yote, ila kunaishusha chini kwenye orodha.

Joto husingiziwa kuliko linavyostahili. Prosesa za kisasa zikipata moto hupunguza kasi, na zikizidi huzima mashine kabisa. Kuganda tuli si tabia yao ya kawaida. Hata hivyo pima kwa programu ya HWiNFO mashine ikiwa na kazi nzito. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, Ryzen 5000 nyingi 90, Ryzen 7000 nyingi 95. Zikigusa kikomo ndani ya sekunde chache, hitisinki (kipoza prosesa) haijakaa vizuri au pesti ya joto imekauka. Tazama pia joto la SSD ya M.2 (inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi) iliyobanwa chini ya kadi ya michoro.

Umeme ndio mgumu kuuthibitisha. Njia ya 12V inaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, ya 5V kati ya 4.75 na 5.25. Namba zinazoonyeshwa na programu hazitoshi kuhukumu. Tumia malitimita (mita ya umeme) kwenye plagi ya Molex, ile ya pini nne ya pawasaplai, waya wa njano kwa 12V, mwekundu kwa 5V, mweusi ukiwa wa kurudi, na upime mashine ikiwa na kazi nzito. Hata hivyo mita haioni mshuko wa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kuazima pawasaplai nzima yenye nguvu ya kutosha. Ukibadilisha, badilisha na waya zake zote: waya za pawasaplai moja huweza kuingia kwenye nyingine huku mpangilio wa ndani ukiwa tofauti, na hapo unaunguza mazabodi na diski kwa sekunde moja. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita zake (vifaa vinavyohifadhi umeme) hushikilia chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kuna makosa ambayo hakuna kipimo kitakachoyafichua, kwa sababu yamo ndani ya programu ya kifaa. SSD ya Crucial m4 ilikuwa na kosa lililoifanya isimame ikifikisha saa 5184 za kuwashwa, kisha kusimama tena kila baada ya kama saa moja. Programu mpya ya kifaa iliyotolewa Januari 2012 ililiondoa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za Core kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhurika kwa volti iliyozidi, ikatoa marekebisho kupitia baiosi na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara. Prosesa iliyokwisha kudhurika hayaiponyi. Kwa hiyo andika modeli ya kila kifaa ulichonacho na toleo la baiosi, utafute kurasa za waliovitengeneza kabla ya kufungua pochi. Ila usisasishe baiosi kwenye mashine inayoganda kila saa: ikikwama katikati ya kuandika, mazabodi inaweza isiwake tena.

Ukifika hatua ya kufungua kasha, uwe na bisibisi ya nyota namba 2, kopo la hewa, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pesti ya joto, na waya mmoja wa SATA wa akiba. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza chaji iliyobaki, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kifaa. Piga picha za nyaya zote. Unapopuliza vumbi, zuia feni kwa kidole zisizunguke. Tazama kapasita za mazabodi, hasa ya zamani: vichwa vilivyovimba au kuvuja havihitaji kipimo kingine.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, hata kama inakera. Na kabla ya kila badiliko amua utasubiri muda gani: chukua kipindi kirefu zaidi ambacho mashine imewahi kukaa bila kuganda, ukizidishe kwa tatu. Iliyokaa siku nne bila tatizo, haijapona mpaka siku kumi na mbili zipite.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi, mpe nakala ya daftari lako, namba za matukio, matokeo ya MemTest86 na picha ya namba za diski, na umwambie ni vitu gani umekwisha kubadilisha. Mashine ya namna hii inaweza kukaa kwake siku tatu bila kuganda hata mara moja, akairudisha akisema ni nzima.