Namna ya Kuishika Bastola ili Irudi Shabahani Haraka

Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizuia bastola isisogee kabisa inapofyatuliwa, na mpigaji anayejaribu kufanya hivyo huishia kuchoka na kuharibu shabaha yake. Kazi ya mshiko mzuri ni kuhakikisha kwamba silaha, ikishasukumwa nyuma na juu, inarudi yenyewe mahali ilipokuwa, kwa njia ileile kila mara na kwa muda mfupi. Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye leseni anayepiga kwa mikono miwili, kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, akitumia bastola ya nusu otomatiki ya milimita 9, iwe ni Ceska, yaani bastola ya CZ ya Kicheki ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa jina hilo, au Glock 17 au nyingine ya aina hiyo. Maelezo yametolewa kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Inafaa kwanza kuelewa kinachotokea. Kichwa cha risasi ya kawaida ya milimita 9 kina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde. Nguvu inayokisukuma mbele ndiyo hiyohiyo inayoirudisha bastola nyuma, na kwa kuwa Glock 17 iliyojazwa risasi ina uzito wa gramu 900 hivi tu, mkono huupokea msukumo huo kwa ghafla. Lakini mtutu hauko usawa na kiganja. Uko juu yake. Kwa hiyo msukumo unaokwenda nyuma hukigeuza kifundo cha mkono kama bawaba, na mdomo wa mtutu hupanda. Kadiri nafasi kati ya mtutu na kiganja inavyokuwa kubwa, ndivyo mtutu unavyopanda zaidi. Kisha slaidi, yaani ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma na mbele, hufika mwisho wa safari yake ya nyuma, hugonga, na kurudi mbele kwa nguvu ya springi, jambo linaloweza kuushusha mtutu kidogo chini ya pale ulipokuwa.

Jambo moja katika mfuatano huo linastahili kuzingatiwa kuliko mengine: kichwa cha risasi huondoka kwenye mtutu katika muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, kabla mtutu haujapata nafasi ya kupanda kwa kiasi cha maana. Mpigaji wa mkono wa kulia ambaye risasi zake zinakwenda chini na kushoto hapaswi kuulaumu msukumo wa bastola. Ni mkono wake uliojikaza na kusukuma chini kabla risasi haijalipuka, kwa kuutarajia mshtuko. Huyo ana tatizo la kufyatua, na mshiko mzuri utamsaidia kwa sababu tu utamwondolea hofu.

Kabla ya kugusa silaha, zile kanuni nne zisizo na mjadala zifuatwe: ichukulie kila silaha kuwa imejazwa risasi, usiuelekeze mtutu mahali usipotaka kuharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeshalenga, na uijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Miwani na vikinga masikio ni vya lazima. Nchini Kenya umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchini Tanzania na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asiye na leseni ajifunze mbele ya mkufunzi aliyeidhinishwa, si kwa silaha ya kuazima.

Sasa mkono wa kulia. Uwekwe juu kabisa kwenye mgongo wa mpini, hadi ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ibanwe na pembe ya bastola iliyo chini ya slaidi, bila kuachwa nafasi yoyote. Mkono ukishuka hata kwa nusu sentimita, umeirefusha ile nafasi kati ya mtutu na kiganja, na hakuna nguvu ya vidole itakayoweza kuifidia. Usipande kupita hapo pia, kwa kuwa slaidi ikirudi nyuma itaichana ngozi. Mtutu na mfupa wa kigasha vikae kwenye mstari mmoja, ili msukumo uje moja kwa moja kwenye mkono na bega badala ya kukipinda kidole gumba kwa upande. Vidole vitatu vya chini vizunguke mpini, huku cha kati kikigusa pete ya kifyatulio kwa chini. Mshiko huu upatikane bastola ingali kwenye ala, kwa sababu anayejaribu kuurekebisha baada ya kuichomoa hupoteza muda na mara nyingi hubaki na mshiko wa nusunusu.

Mkono wa kushoto ndio unaotofautisha wapigaji, na wengi hawaupi kazi yoyote. Ukitazama upande wa kushoto wa mpini baada ya mkono wa kulia kushika, utaona sehemu iliyobaki wazi kati ya ncha za vidole na sehemu nene ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba. Pale ndipo pa kujazwa. Ile nyama nene ya kiganja cha kushoto iingie hapo na kuugusa mpini wenyewe, kisha vidole vinne vizunguke juu ya vidole vya mkono wa kulia, kidole cha shahada cha kushoto kikiwa kimepandishwa mpaka kikabana chini ya pete ya kifyatulio. Ili kiganja kikae sawasawa, kifundo cha mkono wa kushoto hulazimika kuinamishwa kuelekea chini na mbele, na kidole gumba cha kushoto kutazama shabaha. Mkao huo huonekana mgeni mwanzoni, na misuli ya kigasha huuma, lakini ndio unaokifunga kifundo kisiweze kupinda zaidi kwenda juu. Kifundo kilichokwisha kufungwa namna hiyo huuzuia mtutu kupanda bila mpigaji kukusudia.

Katika filamu huonekana mtu akiuweka mkono wa kushoto chini ya magazini kama anayeibeba bastola. Mshiko huo hauzuii chochote. Mkono uko chini ya silaha, wakati silaha inakwenda juu.

Mbinu hii ya vidole gumba kutazama mbele ina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, askari wa Los Angeles aitwaye Jack Weaver alianza kuwashinda wenzake katika mashindano ya California kwa kutumia mikono miwili, wa kulia ukisukuma na wa kushoto ukivuta, wakati ambapo wengi walikuwa wakipiga kwa mkono mmoja. Shirikisho la kimataifa la upigaji bastola wa vitendo, IPSC, lilipoundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, muda na shabaha vilihesabiwa pamoja, na mashindano yakawa mahali pa kupima kila mbinu. Katika miaka ya 1980 Wamarekani Rob Leatham na Brian Enos wakaueneza mshiko wa mikono yote kunyooka mbele kwa usawa, na leo ndio unaotumiwa na washindani wengi. Katika michezo ya Olimpiki, ambako bastola hushikwa kwa mkono mmoja tu, maelezo haya hayatumiki.

Swali linaloulizwa sana ni la kiasi cha nguvu. Wakufunzi wengi hutaja mgawanyo wa asilimia 60 kwa mkono wa kushoto na 40 kwa wa kulia. Namba hizo hakuna anayezipima uwanjani, ila mwelekeo wake ni sahihi, na sababu yake ni ya kimwili: vidole vya mkono mmoja vinashirikiana misuli, hivyo mkono wa kulia ukikazwa kupita kiasi, kidole cha shahada hukosa uhuru, na kinapokivuta kifyatulio vidole vingine hubana pamoja nacho na kuugeuza mtutu. Mkono wa kulia ushike kwa nguvu ya kusalimiana na mtu unayemheshimu, ukibana kutoka mbele kwenda nyuma. Mkono wa kushoto, ambao hauna kazi nyingine, ubane kwa nguvu zote unazoweza kuzidumisha bila mikono kuanza kutetemeka, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hivyo mpini unabanwa pande zote nne. Muhimu zaidi ya kiasi ni kwamba nguvu hiyo isibadilike tangu kulenga hadi baada ya mlipuko, kwani mshiko unaokazwa ghafla wakati wa kufyatua ndio unaopeleka risasi chini.

Vidole gumba vyenyewe havihitaji kubana kitu. Cha kulia kilale juu ya cha kushoto, na vyote viwe mbali na slaidi. Kidole gumba cha kulia kikikandamiza kitufe cha kuzuia slaidi, bastola haitabaki wazi risasi zinapokwisha, na wengi hupeleka silaha kwa fundi kwa kosa ambalo ni la mkono wao. Kamwe usikipitishe kidole gumba cha kushoto nyuma ya slaidi, kitachanwa. Anayetumia rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, afuate utaratibu tofauti: avikunje vidole gumba chini, mbali na mwanya ulio mbele ya silinda, kwa maana gesi ya moto inayotoka hapo inaweza kumjeruhi vibaya.

Mwili uusaidie mshiko. Miguu ipanuliwe kwa upana wa mabega, wa kulia ukirudi nyuma kidogo, magoti yalegezwe, na mabega yawe mbele kidogo ya nyonga. Viwiko visifungwe kwa kunyooshwa kabisa. Mkunjo mdogo hufyonza msukumo, wakati mkono ulionyooka kama fimbo huupeleka moja kwa moja begani na kumyumbisha mpigaji. Mabega yasipandishwe masikioni. Mtu akiegemea nyuma, jambo ambalo wanaoogopa mlipuko hulifanya bila kujua, mshiko wote unapoteza msingi.

Ukubwa wa mkono hauna budi kuzingatiwa wakati wa kuchagua silaha. Mpini ni wa kufaa ikiwa mtutu unabaki kwenye mstari wa kigasha na wakati huohuo sehemu ya mbele ya kidole cha shahada inakifikia kifyatulio bila kuvutwa. Bastola nyingi za sasa zina migongo ya mpini inayobadilishwa. Jaribu yote kabla ya kuamua. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam jasho huharibu mshiko mzuri kabisa, na hapo chaki ya kioevu wanayotumia wapanda miamba, au utepe wenye mikwaruzo kwenye mpini, husaidia kuliko kuongeza nguvu.

Mazoezi yaanze bila risasi. Toa magazini, fungua slaidi, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, rudia ukaguzi huo, na risasi zote ziwekwe chumba kingine. Lenga ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Weka sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, kisha kivute kifyatulio taratibu. Sarafu ikianguka, vidole vingine vimeingilia kazi ya kidole cha shahada. Bastola nyingi za milimita 9 za kisasa hustahimili zoezi hili, lakini zile za risasi ndogo za .22 mara nyingi huharibika zikifyatuliwa tupu, hivyo soma kwanza mwongozo wa mtengenezaji. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo misuli huchoka na mtu hujizoeza makosa.

Ukifika uwanjani, anza kwa umbali wa mita 5. Mwombe mwenzako aijaze magazini yako kwa kuchanganya risasi halisi na risasi bandia bila wewe kujua mpangilio. Unapoifikia ile bandia, mtutu ukiinama, umeuona ugonjwa kwa macho yako na hakuna haja ya kubishana. Kisha piga risasi mbili mbili na uangalie mikono: ikiwa imeachana au unalazimika kushika upya, kiganja cha kushoto hakikujaza ile nafasi, au hakikubana. Ganda la risasi likikwama kwenye slaidi mara kwa mara huku bastola ileile ikifanya kazi vizuri mikononi mwa mwingine, kifundo chako kimelegea kiasi cha kuinyima slaidi kitu cha kusukumana nacho. Simu yenye uwezo wa kurekodi picha 240 kwa sekunde, ikiwekwa upande wako na mtu aliye nyuma ya mstari wa kupigia, itakuonyesha mengi ambayo jicho haliwezi kuyaona.

Wakati wote huo macho yakifuatilie kilengeo cha mbele kinavyopanda na kushuka. Kikipanda wima na kurudi palepale, mshiko uko sawa. Kikienda juu kushoto, mkono wa kushoto haufanyi kazi ya kutosha. Kikirudi chini kuliko kilipoanzia, unausukuma mtutu kwa makusudi, na inabidi uuache urudi wenyewe. Risasi tano zinapokaa ndani ya mduara wa sentimita 10 bila kushika upya katikati, sogea hadi mita 7, na kasi iongezwe kwa kiasi kile tu ambacho kilengeo kinakuruhusu kukiona kikirudi kabla ya kufyatua tena.