Mfalme wa kubuni aanze na hofu yake
Anayetunga riwaya ya fantasia asikimbilie kuazima taji na kasri la mtawala wa kale; aazime hofu yake. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, sultani wa Pate anamwogopa shujaa asiyedhurika kwa mshale wala mkuki, hivyo anamrubuni mwana wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya kumwoza binti, aipeleleze siri ya baba yake, na hatimaye sindano ya shaba inapenya kitovuni. Kwa maoni yangu, sultani huyo anaifaa riwaya kuliko hata Liyongo, kwa kuwa amekalia kiti cha enzi asichokiamini na hutumia hila pale ambapo vitani angeshindwa. Masimulizi ya Sundiata, mwanzilishi wa dola ya Mali, yana siri ya namna hiyo, ila huko anayeangushwa ni mfalme mchawi, Sumanguru, kwa mshale wenye kipi cha jogoo, ule mwiba wa mguuni mwake. Historia nayo huonyesha matokeo ya matendo: Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipopita Cairo mwaka 1324, dhahabu aliyoigawa ilishusha thamani ya dhahabu mjini humo. Mfalme wako akimwaga zawadi, onyesha ni mfanyabiashara gani amefilisika.