Somo: Daftari la harusi yako, namna ya kulianza na kulitunza

Habari zenu wapendwa. Wengi wanaojiandaa kuoana bei wanazo kwenye meseji, namba ya mpiga picha anayo shemeji, risiti zimo kwenye mkoba fulani. Harusi ikikaribia, hakuna mwenye uhakika nani amelipwa nini. Anzeni daftari mapema, hata tarehe ikiwa bado.

Hatua ya 1: Chagueni daftari moja. La karatasi au faili la kwenye simu, yote sawa, mradi nyote wawili mnalifikia.

Hatua ya 2: Wageni kwanza, kabla ya ukumbi. Idadi ya watu ndiyo inayoamua chakula, viti na nafasi. Meza ya duara ya sentimita 150 huketisha watu 8, ya sentimita 180 watu 10. Hesabuni watu peke yao na kaya peke yao, maana kadi huenda kwa kaya, sahani huenda kwa mtu. Wageni 160 wanaweza kuhitaji kadi 90 tu.

Hatua ya 3: Fedha. Kila huduma iwe na mstari wake: makadirio, bei mliyokubaliana, kilicholipwa, salio, tarehe ya mwisho ya kulipa. Tengeni sehemu ya kumi ya bajeti kwa dharura, na mapambo yasiiguse. Risiti zipigeni picha siku hiyohiyo, kwa sababu nyingi huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia, hasa zikiachwa juani.

Hatua ya 4: Andikeni sababu. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana. Mkiamua jambo, andikeni tarehe na kwa nini: "Tumechukua ukumbi wa chini kwa sababu bibi hawezi kupanda ngazi." Ndugu akija na wazo jipya, mnafungua ukurasa na kumweleza kwa upole. Naamini ugomvi mwingi wa maandalizi huhusu mambo yaliyokwisha kuamuliwa, ila kila mmoja anayakumbuka kivyake. Msipokubaliana, andikeni hoja za pande zote mbili, kisha laleni kwanza, mwamue kesho yake. Na siku mkifurahi, andikeni pia. Kurasa hizo ni zenu wawili.

Hatua ya 5: Ratiba ya siku yenyewe. Ihesabuni kwa kurudi nyuma. Ndoa saa 8 mchana, njiani dakika 40, picha dakika 30, kuvaa dakika 45: nywele ziwe tayari saa 6 na dakika 5. Msusi mwambieni amalize saa 5 na nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mchumba wangu hapendi kabisa kuandika. Niendelee peke yangu?
Jibu: Kalamu shika wewe, dada, lakini maamuzi yawe ya wote. Mkae pamoja mara moja kwa wiki, aseme, uandike, kisha umsomee.

Swali: Mpambaji anasema tunaaminiana, mkataba wa nini?
Jibu: Basi mtumie meseji yenye mliyokubaliana, naye ajibu kwamba ni sawa. Taja tarehe, saa ya kufika, vitu vilivyomo kwenye bei na visivyomo, na kama malipo ya awali yanarudishwa harusi ikiahirishwa. Akikwepa hata hilo, tafuta mwingine.

Swali: Tumebakiza mwezi mmoja na hatujaandika chochote. Tumechelewa?
Jibu: Hapana, kaka. Anzeni na hatua ya 3. Wapigieni leo wote mliowalipa, mmoja mmoja, muulize salio na saa ya kufika, mkiandika papo hapo. Kesho wapigieni wageni ambao hawajathibitisha, kisha mpishi apewe idadi kamili kabla hajaanza kununua vyakula.