Mkataba umeisha? Kodi usimpe mkononi

Hili nimelijua juzi hapa Mwanga, Kigoma. Mkataba ukiisha na mwenye nyumba bado anapokea kodi, itume kwa simu kutoka laini yako, halafu mwandikie: "Shikamoo mzee, hiyo ni kodi ya chumba, Juni na Julai." Akijibu hata "marahaba, nimeiona", usifute. Kesho akidai huna haki ya kukaa, unao ushahidi wa kupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba kwamba alikupokea kama mpangaji, hivyo anapaswa kukupa notisi kwanza. Haisaidii ukimwekea kwa wakala (jina lako halionekani), ukituma kwa namba ya mwanawe, au kama alishakupa notisi ya maandishi na pesa akairudisha.