Faili na printa kuvuka sabneti: Windows na Linux ofisi moja

Ofisi moja ya Arua, Uganda, iliniita. Ina sabneti mbili, yaani vipande viwili vya mtandao vilivyounganishwa na ruta. Watu wa uhasibu wako ghorofa ya chini, 192.168.10.0/24 (anwani zote zinazoanza na 192.168.10), watu wa mradi wako juu, 192.168.20.0/24. Windows na Ubuntu zimechanganyika. Malalamiko yao: "Wa juu hawaioni seva."

Hawawezi kuiona. Kompyuta ikitafuta wenzake hupiga mbiu (broadcast), yaani huwaita wote waliomo kwenye sabneti yake, na mbiu haivuki ruta. Kwa hiyo sahau ile orodha ya "Network". Tutakwenda kwa anwani.

1. Hakikisha njia ipo. Ukiwa juu, `ping` printa ya chini. Usijaribu kwa mashine ya Windows: ngome yake (firewall) mara nyingi huinyamazia sabneti ngeni, nawe ukadhani njia imekatika. Printa isipojibu, tazama geitiwei kwanza, yaani anwani ya ruta iliyowekwa kwenye kila chombo.

2. Funga anwani. Kwenye DHCP ya ruta, yaani sehemu inayogawa anwani, tengea seva 192.168.10.5 na printa 192.168.10.9. Umeme ukikatika na kurudi, ruta nyingi ndogo husahau zilichogawa, na kesho asubuhi simu yako italia kabla hujamaliza chai.

3. Samba kwenye seva ya Ubuntu. Hii ni programu inayoiwezesha Linux kushiriki faili kwa SMB, lugha ya Windows ya kushiriki faili. Kwanza weka programu na kundi:

`sudo apt install samba`
`sudo groupadd uhasibu`
`sudo mkdir /srv/hesabu`
`sudo chgrp uhasibu /srv/hesabu`
`sudo chmod 2770 /srv/hesabu`

Kisha ndani ya `/etc/samba/smb.conf`, chini ya `[global]`:

`hosts allow = 127. 192.168.10. 192.168.20.`

Na mwishoni:

`[hesabu]`
`path = /srv/hesabu`
`valid users = @uhasibu`
`read only = no`

Kila mtumiaji lazima awe na akaunti ya Linux na awe ndani ya kundi, ndipo umpe nywila ya Samba kwa `sudo smbpasswd -a jina`. Wengi hukwama hapa: nywila ya Ubuntu siyo ya Samba. Endesha `testparm`, washa `smbd` upya, na kama ufw (ngome ya Ubuntu) inafanya kazi, ruhusu poti 445 kwa sabneti zote mbili.

4. Upande wa Windows. Andika `\\192.168.10.5\hesabu` kwenye File Explorer. Ikiwa faili ziko kwenye Windows, fungua `wf.msc`, tafuta kanuni ya SMB-In ya wasifu wa Private, ingia Scope. Utakuta "Local subnet", na hapo ndipo siku nzima hupotea. Ongeza 192.168.20.0/24. Usizime ngome nzima, hata bosi akisema ana haraka.

Skana ya zamani ikidai SMB1, toleo la kale la SMB, ikatae. Programu hasidi ya WannaCry ilipita hapo mwaka 2017. Tuma skani kwa barua pepe au weka chombo kipya.

5. Printa. Usiipitishe kwenye kompyuta ya mtu. Akiizima na kwenda nyumbani, ofisi nzima haichapi. Windows: ongeza printa kwa anwani ya IP, poti 9100. Ubuntu: `socket://192.168.10.9:9100`, au `ipp://192.168.10.9/ipp/print` ikiwa printa ni mpya. Ile kujitokeza yenyewe kwenye orodha haitatokea kutoka juu, kwa sababu ni mbiu ileile.

Wakichoka kukariri namba, weka majina kwenye DNS ya ruta, inayogeuza jina kuwa anwani. Pale Arua niliiita tu `printachini`.